Mume kalipia nyumba kando ya msitu wa Jozani, mama mkwe kanuna

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Maskati. Mume wangu ni mtoto wa Kikwajuni, Unguja mjini. Wazee wangu pia ni wa Unguja, lakini mimi nimezaliwa na kukulia hukuhuku Oman, kwa hiyo kisiwa nakijua kwa likizo tu. Kila skuli zikifungwa na joto la huku likianza kuchoma, tunapanda ndege hao kwa mama mkwe. Watoto wanarundikana ukumbini na binamu zao, asubuhi boflo na maharage, jioni urojo na matembezi ya Forodhani. Ndivyo tulivyozoea.

Mwaka huu baba watoto kazua jambo. Kuna kijiji karibu na Jozani ambako wenyeji wamejenga vijumba vya makuti kando ya msitu, wanapokea wageni. Umeme ni wa jua, maji ni ya mvua wanayokinga kwenye matangi, na choo hakina maji ya kuvuta, ukimaliza unamwaga vumbi la mbao. Wanakijiji wenyewe ndio wapishi na ndio wanaotembeza watu msituni. Nusu ya likizo tutakuwa huko. Alikuwa keshalipa ndipo akanionesha picha. Hoja yake ni kwamba watoto wetu wanawajua wanyama wa kwenye michezo ya simu kwa majina yote, lakini ukiwauliza mti mmoja wa kwao hawaujui. Hilo sikatai.

Ila Somo, mimi nyoka siwawezi. Na choo hicho sijui nitakiingiaje usiku. Binti yangu mkubwa akiona mende anapanda juu ya kitanda na kupiga kelele mpaka majirani wanagonga mlango. Wa kati, miaka tisa, ndiye kinyume chake. Kaona video ya mtalii kabebeshwa kima begani anamlisha ndizi, na sasa haongei kingine. Anataka kima wake naye. Mdogo ana pumu, si kali, lakini ninapofikiria usiku msituni, mbali na hospitali, usingizi unaniruka.

Kubwa zaidi ni huko nyumbani. Kabla mume hajamwambia mama yake, alimwambia binamu yake, binamu akamwambia wifi yangu, na wifi hajakawia. Kanitumia sauti mimi, si kaka yake: "Kama nyumba ya mama imekuwa finyu semeni tu, msijifiche kwenye miti. Na huko mnakokwenda ndiko walikokuwa wakifugwa chui wa wachawi, shauri yenu." Mama mkwe mwenyewe hajasema kitu. Tukipiga simu anaitikia "Alhamdulillahi, wazima," halafu simu anampa mtu mwingine. Siku moja tu aliuliza, "Mjini kuna nini kilichowakimbiza?"

Kinachoniuma ni kwamba ukoo mzima unaamini mimi ndiye niliyekataa kulala kwao, nimejifanya Mwarabu. Na mimi ndiye nisiyetaka kwenda huko msituni!

Nimwambie mume avunje safari, ingawa fedha hazirudi? Huko ni salama kwa watoto? Na mama mkwe nimwendee vipi?

Mama Watatu, Maskati

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nyoka umewaandikia, choo umekiandikia, mende kapata mstari wake na majirani juu. Kwamba mume alilipa bila kukuuliza umelipitisha haraka, kama mtu anayevuka barabara. Mimi naona hapo ndipo donda lilipo. Ukienda kwake na habari ya nyoka, atakununulia buti na tochi, ataona amemaliza kazi, na wewe utabaki na moyo wako vilevile. Mkae wawili, watoto wamelala, umwambie hilo moja tu: likizo yetu sote uliiamua peke yako. Mwache ajibu. Nyoka mtawazungumza siku nyingine.

Baada ya hapo, usimvunjie safari. Mumeo kakosea namna ya kuianza, lakini safari yenyewe ni nzuri, na nitakueleza kwa nini. Kwanza tumalize la bi mkubwa, maana hilo halingoji.

Mama mkwe wako hakukasirikia msitu. Mwanamke wa Unguja wa umri wake shamba halimshangazi. Wangapi wa rika lake walihamia shamba msimu wa karafuu, wakalala kwenye vibanda vya makuti wiki kwa wiki? Wangapi walikwenda dago na waume zao wavuvi, wakapika ufukweni mpaka bahari ilipobadilika? Choo hicho unachokiogopa wewe, yeye atakiona cha kifahari. Kilichomuuma ni kwamba habari za mwanawe zimemfikia kupitia kwa watu. Mama yeyote wa mjini angeumia.

Basi mumeo ampigie simu mwenyewe, yeye, si wewe. Asiweke sauti ya nje na watoto wakisikiliza. Amwombe radhi kwamba habari ilitangulia kabla yake, halafu amwambie: mama, tutafikia kwako, tutakaa, kisha tunakwenda shamba na tunakuomba ufuatane nasi. Kufikia kwake ni kufikia kweli. Dereva atawaambia kuwa kutoka uwanja wa ndege Kiembesamaki ni rahisi zaidi kukata moja kwa moja kuelekea Tunguu na Jozani bila kuingia mjini. Kwa barabara yuko sahihi. Msimsikilize. Masanduku yashuke Kikwajuni, zawadi zifunguliwe Kikwajuni, na kuondoka muage.

Akikubali kufuatana nanyi, umepata dawa ya hofu zako zote, maana binti wa kuogopa mende atalala chumba kimoja na bibi yake. Akikataa kulala, Jozani ni kilomita kama 35 tu kutoka mjini. Mkodi gari siku moja, waje wote, wifi na watoto wake na nani, wale pweza wa nazi kijijini, jioni warudi kwao. Familia iliyokwisha kula mahali haipasemi vibaya tena.

Chui wa wifi. Chui wa Unguja walikuwepo kweli, na imani ya kwamba wachawi wanawafuga ilikuwepo kweli, ndiyo maana baada ya Mapinduzi ya 1964 wanyama hao walisakwa kwenye kampeni ileile iliyowasaka wachawi. Leo wanahesabiwa kuwa wametoweka. Aliyekaushwa yuko jumba la makumbusho mjini, wifi yako anaweza kumwona bila kufika Jozani.

Sasa msitu. Jozani na ghuba ya Chwaka ndiyo hifadhi ya taifa ya Zanzibar tangu 2004, na mnyama wake mkuu ni kima punju. Mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kuzunguka uso, midomo ya waridi. Asili yake ni Unguja na visiwa vya jirani kama Uzi, basi. Wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Popote pengine duniani hutamkuta porini. Mwanao anayetaka kima begani anafaa kuyajua haya kabla hajapanda ndege, na anafaa kujua zaidi habari ya tumbo lake. Kima huyu ni mla majani. Tumbo lake limegawika vyumba, chakula kinachachuka humo polepole, kwa hiyo matunda yaliyoiva, yenye sukari nyingi, yanamdhuru. Ndizi ya mtoto wako ni ugonjwa kwake. Hata maembe porini huyala mabichi.

Badala ya kumkataza tu, mpe kazi. Mwambie amtazame kima anavyoshika tawi, ahesabu vidole. Ataviona vinne. Kidole gumba kimebaki kinundu kidogo, maana anayeruka tawi kwa tawi anahitaji kulabu, hahitaji koleo. Mwambie pia avizie kando ya majiko ya wanakijiji. Kima punju wa mashambani wanaiba mkaa. Wanashuka, wanachagua kipande, wanapanda nacho kwenye mwembe na kukitafuna kwa utulivu. Majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana vitu vinavyokwamisha mmeng'enyo, na mkaa unavinyonya. Mtoto wa miaka tisa akiona mnyama anakula mkaa kwa hiari yake, habari ya ndizi itakwisha.

Kima wengine, wale wa rangi ya kijivu iliyokolea, ni hadithi tofauti. Hao hula kila kitu na ni wezi. Mfuko wa biskuti usikae nje, dirisha lisiachwe wazi wakati wa chakula, na mtoto asitembee na kitu mkononi. Kima akikwaruza au kuuma mtu, hata kidogo, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa robo saa nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje mpaka mrudi Maskati. Na mwanao mdogo akiwa na mafua, abaki nyumbani siku ya kutembelea kima. Maradhi yetu ya kifua yanawaambukiza, na wao hawana dawa ya kikohozi.

Usiku mtasikia kilio. Mgeni anadhani mtoto mchanga katupwa kichakani. Huyo ni komba mkubwa, macho kama taa, hana ubaya na mtu. Kulewa kama komba ni jambo la kweli, wagema wanamjua kwa kunywa tembo kwenye vibuyu vyao. Mwambie binti yako kabla ya usiku wa kwanza. Ukimwambia baadaye hatakuamini.

Nyoka wapo, sitakudanganya, na wengi mtakaowapita hamtawaona kwa sababu watakuwa wameshaondoka. Viatu vilivyofunika mguu, tochi kila mkitoka usiku hata kama ni hatua mbili za chooni, mkono usiingizwe kwenye shimo wala chini ya gogo, na viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa, kwa ajili ya nge na tandu zaidi kuliko nyoka. Mtu akiumwa, msifunge kamba, msichanje, msinyonye. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, gari, hospitali. Kwa hiyo kabla hamjasafiri, mumeo aulize: usiku gari lipo? Dereva analala wapi? Jibu likiwa "tutapiga simu litakuja", mimi nisingelala hapo na mtoto wa pumu. Wakiwa nalo, chukueni bomba lake la kuvuta, mawili si moja, moja likae kwenye mkoba wako na lingine kwa baba yake. Vumbi la choo asilimwage yeye, mtu mzima amsaidie. Neti muitie viraka vyake mchana, si saa nne usiku. Malaria Unguja imepungua sana, lakini haijakwisha, na watoto waliokulia Maskati hawana kinga nayo. Mwoneni daktari huko kabla ya kusafiri.

Kuna siafu pia, hao sijasikia ukiwaogopa, na ndio ambao ningewaogopa mimi. Wakipita njia wanapita kama mto mweusi. Soksi ndani ya suruali, macho chini, mkiwaona mnaruka na kuendelea. Anayesimama kuwapiga picha ndiye anayevua suruali mbele za watu.

Kwa majira mmebahatika. Masika Jozani hujaa maji, maana ni msitu wa ardhi chepechepe. Skuli zenu zikifungwa huku ni kipupwe, kusi inavuma, usiku mtajifunika shuka. Watoto waliotoka kwenye joto la Maskati hawatauliza kiyoyozi. Likizo yenu ikiangukia Julai, sikilizeni tarehe ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi, ni barabara hiyohiyo mkiendelea kusini. Bi mkubwa atataka kwenda, atajifanya hataki.

Msiishie kwa kima. Upande wa Pete kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko. Muulizeni mwenyeji maji yanakupwa saa ngapi, kisha mwende mara mbili, maji makavu na maji yamejaa. Maji yakiwa makavu mtaona kaa wekundu wanaingia na kutoka mashimoni, dume ana mkono mmoja mkubwa na mwingine mdogo, na visamaki vinavyotembea juu ya tope kwa mapezi. Saa chache baadaye, palepale, samaki wanaogelea kati ya mizizi. Paa nunga wapo msituni lakini msiwaahidi watoto, wenyeji wenyewe huwaona kwa nadra.

Nikuambie kwa nini nimekuwa upande wa safari. Watu wa Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni na vijiji vingine vinavyozunguka msitu ule wanaishi na wanyama hawa mwaka mzima. Kima punju hula machipukizi ya mashamba yao na vidaka vya minazi. Mkulima anayelala njaa kwa ajili ya mnyama anayepigwa picha na watalii ana haki ya kumchukia. Ndiyo maana ikawekwa taratibu ya sehemu ya kiingilio cha hifadhi kwenda vijijini, na ndiyo maana barabarani yakawekwa matuta, kwa sababu magari yaliyokimbilia fukwe za kusini mashariki yalikuwa yanawaua kima kila mara. Nyumba inayoendeshwa na kijiji, wanawake wa kijiji wakipika na vijana wa kijiji wakitembeza watu, inawapa sababu nyingine ya kumvumilia kima. Lakini muulize mumeo kama ana hakika ndivyo ilivyo hapo. Siku hizi mtu anaezeka makuti juu ya zege, anaweka paneli moja ya jua, anajiita rafiki wa mazingira. Aulize nyumba ni za nani, fedha zinagawanywaje, mpishi ni mtoto wa nani. Wenye kuendesha kwa haki hujibu bila kujikuna kichwa.

Wewe na binti yako khanga mnazo. Ni kijiji cha watu wanaosali, kaptura za Maskati zibaki kwenye sanduku. Mifuko ya plastiki msiibebe, imepigwa marufuku Zanzibar. Na kama mnasafiri kwa pasipoti za Oman, tangu Oktoba 2024 mgeni anatakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Ikateni mtandaoni kabla, msije mkasimama uwanjani na watoto watatu waliochoka.

Na wifi yako mpigie wewe. Kakutumia wewe maneno, usimpitishie kaka yake, na usijibu kwa sauti ya WhatsApp ambayo ataisambaza. Piga, ongea naye kwa mdomo. Mwambie kuwa hukukataa kulala kwao, kwamba wewe nawe uliambiwa baada ya fedha kulipwa, uone atakavyogeuka upande wako. Kisha mwambie siku mnayoshuka, na muulize usiku huo anapika nini.